Damu chooni: Mzazi, usiseme ‘ni bawasiri tu’ kabla hujapimwa

Msimu wa kupandikiza mpunga ukifika, mama wa Kilangali wilayani Kilosa anaweza kushinda jarubani ameinama tangu asubuhi hadi jua linapoelekea kuzama. Maji anakunywa kidogo, kwa sababu shambani hakuna choo cha karibu. Haja ikimbana, anaizuia mpaka arudi nyumbani. Jioni choo kinatoka kigumu, anajikamua, na wakati wa kujitawaza anaona damu.

Wengi wanaopatwa na hali hiyo hunyamaza. Mume haambiwi, mkwe haambiwi, na hata muuguzi wa kliniki haambiwi. Wiki zikipita, anayeulizwa ni muuza dawa gulioni, ambaye bila kupima chochote hujibu kwamba hiyo ni bawasiri na kuuza unga wa kuchanganya na maji.

Huenda kweli ikawa bawasiri, maana ni ugonjwa wa kawaida kwa watu wazima. Hata hivyo, damu katika haja kubwa ina sababu nyingi, na baadhi yake hazisubiri.

Bawasiri ni nini?

Kila binadamu ana vifundo laini vya mishipa ya damu kwenye njia ya haja kubwa, ambavyo husaidia kuifunga njia hiyo. Vikivimba na kushuka, ndipo huitwa bawasiri. Kinachovivimbisha ni msukumo: kujikamua kwa choo kigumu, kukaa chooni muda mrefu, kuharisha kwa muda mrefu, unene, na ujauzito.

Bawasiri ya ndani mara nyingi haiumi. Dalili yake kubwa ni damu nyekundu ya kung’aa inayodondoka baada ya choo kutoka au kuonekana juu ya choo, bila kuchanganyika nacho. Wataalamu huigawa katika hatua 4. Hatua ya 1 kuna damu tu, hakuna kinachotoka nje. Hatua ya 2 kinyama hutoka wakati wa kujikamua na kurudi chenyewe. Hatua ya 3 hakirudi mpaka kisukumwe kwa kidole. Hatua ya 4 kinabaki nje.

Bawasiri ya nje huonekana kama uvimbe pembeni mwa njia, wenye muwasho. Damu ikiganda ndani yake, uvimbe huwa mgumu, wa rangi ya samawati au zambarau, na huuma ghafla kiasi cha mtu kushindwa kukaa. Huyo awahi kituo cha afya, hasa ndani ya siku 3 za mwanzo, kwa kuwa ndipo upasuaji mdogo husaidia zaidi.

Yanayofanana nayo

Maumivu makali kama ya kukatwa na wembe wakati choo kinapita, yakiambatana na damu kidogo, mara nyingi ni mpasuko wa ngozi ya njia ya haja. Uvimbe wenye joto, homa au usaha ni dalili ya jipu. Hayo yote hutibiwa tofauti na bawasiri.

Kwa watoto, mzazi awe mwangalifu zaidi, kwa sababu bawasiri ni nadra kwao. Mtoto mwenye choo kigumu na damu mara nyingi ana mpasuko. Akiharisha damu, hasa akiwa na homa, apelekwe kituoni siku hiyohiyo. Kinyama chekundu kinachotoka mtoto anapojikamua kinaweza kuwa sehemu ya utumbo iliyoshuka, jambo linaloweza kuletwa na kuharisha, minyoo au utapiamlo.

Katika maeneo ya mpunga kama Kilangali, penye majaruba na shamba la mbegu la Wakala wa Mbegu za Kilimo (ASA), kuna jambo jingine la kukumbuka: kichocho. Vimelea vyake hupenya ngozi ya mtu anayeingia kwenye maji yenye konokono wanaovibeba. Wengi wanakijua kichocho cha mkojo wenye damu, lakini kipo pia cha tumbo, ambacho huleta maumivu ya tumbo na damu katika choo. Hupimwa kwa sampuli ya choo na dawa yake ipo. Dawa ya bawasiri haiwezi kukitibu.

Dalili zisizosubiri

Mtu mzima asikae nyumbani akiona damu nyeusi au iliyochanganyika na choo, akikonda bila sababu, au choo kikibadilika kwa wiki kadhaa, mara kigumu, mara kuharisha. Hizo zinaweza kuwa dalili za saratani ya utumbo mpana. Mwenye umri wa miaka 40 au zaidi anayeona damu kwa mara ya kwanza achunguzwe, hata kama haumwi popote. Kizunguzungu, moyo kwenda mbio na viganja kupauka huashiria upungufu wa damu. Damu ikitoka nyingi bila kukoma, aende hospitali mara moja.

Kwa wajawazito

Uzito wa mimba na mabadiliko ya homoni huongeza bawasiri, hasa miezi ya mwisho, na kwa wengi hupungua baada ya kujifungua. Vidonge vya madini ya chuma vya kliniki navyo vinaweza kufanya choo kiwe kigumu. Mama asiviache, bali aongeze maji na mboga, na amweleze muuguzi.

Nyumbani na kituoni

Kukalia beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, mara 2 au 3 kwa siku, hupunguza maumivu. Wali mweupe na ugali wa sembe pekee havilainishi choo. Viende na maharage, kunde, matembele, mchicha, mlenda, papai au embe, na sembe ibadilishwe kwa dona. Anayekwenda shambani abebe maji na ayanywe. Haja ikija isizuiwe, na simu ibaki nje ya choo.

Dawa za kupaka zinazounguza, na watu wanaokata ‘kinyama’ majumbani, ni hatari. Huleta vidonda, maambukizi na kovu linaloziba njia.

Safari ianzie zahanati, na ikibidi mgonjwa apewe rufaa kwenda hospitali ya wilaya. Mtoa huduma atauliza rangi ya damu, imeanza lini na kama kuna maumivu, kisha atapima kwa kidole chenye glavu. Kipimo hicho huchukua dakika chache, na mgonjwa anaweza kuomba faragha au kupimwa na mtu wa jinsia yake. Bawasiri nyingi hutulia kwa chakula na dawa, nyingine hufungwa kwa mpira mdogo hadi zinyauke, na chache huhitaji upasuaji.

Mama aliyeona damu jioni hana haja ya kueleza mengi. Inatosha kumwambia muuguzi: “Naona damu nikienda haja kubwa.” Muuguzi ameshaisikia sentensi hiyo mara nyingi.