Ndege Nyuki na Mchunga Ng'ombe

Msomaji mpenzi, wewe ukaaye Mbulu au Hanang, bila shaka ulipata kuchunga ng'ombe utotoni. Ng'ombe akiacha kula na kuinua kichwa, ulijua mara moja kwamba pana jambo. Hukufundishwa hayo shuleni. Leo wataalamu wa vyuo vikuu wahangaika kuifundisha mashine maarifa yayo hayo.

Mashine yenyewe ni ndege ndogo isiyo na rubani. Wengi huiita ndege nyuki. Upande wetu huu si ngeni. Ripoti iliyochapwa mwaka 2017 katika jarida la Oryx yaeleza jinsi askari wa wanyamapori walivyoirusha mipakani mwa hifadhi za Tarangire, Manyara na Serengeti, ili kuwafukuza tembo mashambani. Tembo wakakimbia, huenda walidhani ni nyuki kweli. Lakini mtu alisimama chini akiiongoza, naye ndiye aliyeamua.

Sasa watafiti wataka iamue yenyewe. Januari 2023, huko Mpala nchini Kenya, twiga na punda milia walipigwa picha kutoka angani. Shida ni hii: ndege ikikaribia mno, mnyama huacha malisho akaitazama, ikikaa mbali mno, picha haifai. Basi wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, wakatunga programu iitwayo WildWing. Kompyuta huzisoma picha, hutambua kundi liko wapi, kisha huiagiza ndege isogee au itulie. Waliijaribu katika hifadhi ya wanyama huko Ohio.

Ni kazi nzuri. Ila tufikiri kidogo. Tuseme siku moja ndege ya namna hii yalinda mahindi yako usiku, nawe umelala. Tembo waja, ndege yawafukuza. Je, wakimbilie wapi? Kama iliagizwa kulinda shamba lako tu, haitajali la jirani. Asubuhi jirani aamka, hana hata bua moja. Atamdai nani?

Mchunga mwema huangalia na shamba la mwenzake. Basi mashine hizi zikifika kwetu, tusiulize bei peke yake. Tuulize: Nani aliyeifundisha kuamua? Ameikataza nini? Ikikosea, nani atajibu? Ndege haina aibu wala dhamiri. Aliyeirusha anazo.