Kujitambulisha na Kutambulishwa: Ufunguo Mmoja wa Maktaba Nyingi

Makala haya yanakusudia kueleza utaratibu unaomwezesha msomaji athibitishwe mara moja na chuo chake, kisha afunguliwe maktaba nyingi za intaneti. Mfano unatolewa Garissa, ambako swali la nani aaminiwe, na kwa ushahidi gani, halijapata kuwa jepesi.

Huko, tangu mwaka 1996, vitabu vya maktaba ya taifa vimewahi kuwafuata wafugaji kwa migongo ya ngamia. Majarida ya kielektroni hayamfuati mtu hivyo. Vyuo vya Kenya huyanunua kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba, KLISC, ulioundwa mwaka 2003, na aghalabu mchapishaji humtambua msomaji kwa anwani ya mtandao wa chuo. Aliyemo ndani ya ua husoma. Akienda likizo Wajir au Mandera, maktaba ameiacha langoni. Kumpa neno la siri kwa kila mchapishaji si dawa, maana siri iliyotawanywa milango kumi si siri tena.

Utaratibu wa shirikisho huigeuza kazi hiyo. Mchapishaji humwuliza msomaji swali moja tu: chuo chako ni kipi? Kisha humrudisha chuoni kwake, naye huandika neno lake la siri huko, wala si kwa mchapishaji. Chuo hujibu kwamba huyu ni wake, pengine bila hata kumtaja jina. Wanaoijua hawala hawataona ugeni hapa: wakala wa Garissa hulipa kwa kuliamini neno la wakala mwenziwe wa Nairobi, na fedha zenyewe hazisafiri.

Sarufi ya Kiswahili inaieleza tofauti hii vizuri kuliko istilahi nyingi zilizobuniwa. Katika utaratibu wa kale msomaji *hujitambulisha* kila mlango. Katika huu mpya *hutambulishwa*. Kiambishi cha kutendesha tayari kinadai mtu wa tatu, mdhamini. Kwa hiyo chuo kingefaa kuitwa *mtambulishaji*, neno lililo jepesi na linaloeleweka bila maelezo.

Programu mashuhuri ya kazi hii, iliyotolewa Marekani mwaka 2003, huitwa Shibboleth. Jina hilo latoka katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, ambamo Waefraimu walijulikana kwa kutamka “sibolethi” badala ya “shibolethi”, wakauawa vivukoni mwa Yordani. Ni jina la ajabu, kwani programu hiyo hufanya kinyume: haiuchunguzi ulimi wa mtu, huliamini neno la mdhamini. Garissa uzito wa mtihani wa Yordani haufundishwi kwa kitabu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha hapo, na manusura walieleza kwamba wanafunzi waliulizwa dini zao.

Nchini Kenya shirikisho hili husimamiwa na KENET, mtandao wa elimu ulioanzishwa mwaka 1999, nalo limepewa jina RAFIKI. Kupitia eduGAIN huungana na mashirikisho ya nchi nyingine.

Faida yake yaonekana zaidi Dadaab, ambako tangu mwaka 2013 mradi wa BHER uliwafikishia wakimbizi masomo ya vyuo vikuu vya Kenyatta, Moi, York na British Columbia. Mkimbizi hana kitambulisho cha uraia wa Kenya. Hata Wasomali Wakenya walichujwa upya mwaka 1989 ili wathibitishe uraia wao. Mchapishaji katika shirikisho hahitaji karatasi hizo. Chuo kikisema “ni wetu”, yatosha.

Lakini mwenye kukosa mtambulishaji hukosa vyote. Mwalimu wa Ijara aliyehitimu miaka kumi iliyopita hana chuo cha kumsemea. Tena mtambo wa chuo ukizimika kwa kukosa umeme, wanafunzi wote hufungiwa nje ya kila maktaba kwa pamoja, hata wale walioko London wenye umeme usiku na mchana.