Kompaila Mtambuka kwa Bodi Ndogo: Mfano wa Kipimamvua cha Ngara na Biharamulo

Programu iliyoandikwa kwa lugha ya C haieleweki na prosesa mpaka igeuzwe kuwa lugha ya mashine. Kazi hiyo hufanywa na programu nyingine iitwayo kompaila. Kwa kawaida kompaila huandaa programu kwa ajili ya kompyuta ileile inayoiendesha. Kompaila mtambuka hukaa ndani ya kompyuta moja, yaani kompyuta mwenyeji, ikatoa programu itakayoendeshwa na mashine ya aina nyingine, yaani bodi lengwa.

Chukulia kipimamvua kinachokusudiwa kuwekwa kilimani wilayani Ngara, juu ya bonde la Ruvubu, mto unaotoka Burundi na kuungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Kijiko cha kipimamvua hupinduka kila kinapojaa. Bodi ya Raspberry Pi Zero W huhesabu mipinduko hiyo na kuiandika kwenye kadi ya kumbukumbu. Bodi hiyo ina kumbukumbu ya megabaiti 512 na prosesa yenye kiini kimoja. Kwa kuhesabu mvua inatosha kabisa. Kukompaili programu kubwa juu yake ni habari nyingine: kazi ya dakika chache kwenye kompyuta pakato huweza kuchukua saa nyingi, na gharama yake hubebwa na betri inayochajiwa kwa paneli ya jua. Isitoshe, siku za masika, ambapo kipimamvua kinahitajika zaidi, ndizo siku ambazo mawingu huinyima paneli jua.

Kwa hiyo programu huandaliwa Biharamulo mjini, kwenye kompyuta pakato yenye prosesa ya Intel na mfumo endeshi wa Debian, kisha hupelekwa Ngara ndani ya kadi. Hatua ya kwanza ni nyepesi. Amri

sudo apt install gcc-arm-linux-gnueabihf

huweka kompaila, na amri

arm-linux-gnueabihf-gcc -o mvua mvua.c

hutoa faili iitwayo mvua. Jina refu la kompaila si pambo: arm ni jamii ya prosesa, linux ni mfumo endeshi, na gnueabihf hutaja maktaba ya C pamoja na kanuni za kupokezana data, herufi hf zikionesha kuwa hesabu za desimali hufanywa na sehemu maalumu ya prosesa. Amri file mvua ikitaja ARM badala ya x86-64, anayeanza huamini kwamba kazi imekwisha.

Mtego upo hapo. Neno arm ni jina la ukoo, si la mtu mmoja. Kompaila hiyo ya Debian hulenga kizazi cha ARMv7, ilhali Zero W ni ya ARMv6, kizazi cha nyuma. Programu itanakiliwa vizuri kwenye kadi, lakini ikianzishwa itasimama kwa ujumbe "Illegal instruction", yaani prosesa imepewa agizo isilolijua. Kuongeza -march=armv6 katika amri hakutoshi, kwa sababu vipande vya maktaba vinavyounganishwa na programu vilikwisha kukompailiwa kwa ARMv7.

Anayegundua jambo hili kilimani ameshapoteza nauli na safari ya kwenda na kurudi kupitia Lusahunga. Lingeweza kugunduliwa mezani. Amri readelf -A mvua huonesha kizazi cha prosesa kinachohitajiwa na faili. Kipimo kilicho bora zaidi ni QEMU, programu inayoigiza prosesa nyingine:

qemu-arm -cpu arm1176 -L /usr/arm-linux-gnueabihf ./mvua

Hapa arm1176 ndiyo prosesa ya Zero W. Programu ikikwama hapa, ingekwama kilimani vilevile.

Tiba ni kujenga kompaila inayolenga bodi yenyewe. Buildroot hufanya hivyo: amri make raspberrypi0w_defconfig huchagua bodi, na make hujenga kompaila, maktaba, kiini cha Linux na mfumo wote wa faili. Ugumu wake kwa wilaya hizi ni upakuaji wa msimbo chanzi, unaomaliza bando haraka. Lakini make source hupakua kila kinachohitajika bila kujenga chochote, na kukihifadhi katika folda ya dl. Kazi hiyo inaweza kufanyiwa Mwanza au Bukoba, penye mtandao wa kasi, na ujenzi ukafanyika baadaye Biharamulo bila intaneti. Umeme ukikatika katikati, vifurushi vilivyokwisha kujengwa havirudiwi.

Kwa anayetumia Zero 2 W, yenye prosesa mpya zaidi, tatizo la kizazi halipo. Linabaki la toleo la maktaba. Programu iliyounganishwa na maktaba mpya ya C huweza kukataliwa na bodi yenye maktaba ya zamani, kwa ujumbe unaotaja, mathalani, GLIBC_2.34. Kinyume chake kwa kawaida hakina tatizo. Programu ndogo kama ya kuhesabu mvua inaweza kuongezewa -static, ikabeba maktaba yake yenyewe. Faili huwa kubwa zaidi, lakini katika kadi ya gigabaiti 8 ongezeko hilo halionekani.