Okidi ya Kwanza Barazani: Mama, Chagua kwa Busara

Akina mama wa Moshi ni watu wa maua. Kuanzia nyumba za mjini hadi vihamba vya Marangu, Machame na Kibosho, ni nadra kukuta mlango usio na makopo mawili matatu ya maua. Siku hizi wengi wetu tunatamani okidi, hasa ile iitwayo katleya, yenye ua kubwa la zambarau, jeupe au la manjano. Kwa kuwa mche wake si wa bei ya mchicha, tumeona vema tuzungumze kabla mama hajafungua mkoba.

Asili ya katleya ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Mtaalamu wa mimea wa Uingereza, John Lindley, aliipa jina hilo katika miaka ya 1820 kwa heshima ya William Cattley, mpenzi wa maua aliyeiotesha. Huko kwao hushikilia matawi ya miti na miamba, mizizi ikiwa hewani. Ndiyo maana ukiifukia katika udongo wa kihambani, hata uwe na rutuba namna gani, mizizi hukosa hewa ikaoza.

Mambo matatu ya kutazama

Kwanza, umri. Miche midogo ni ya bei nafuu, lakini huweza kuchukua miaka 4 hadi 7 kabla ya kuchanua. Anayeanza na anunue mche uliokwisha kutoa maua, wenye mashina manene yasiyopungua manne na chipukizi changa pembeni. Mashina hayo ndiyo ghala lake la maji.

Pili, afya. Utikise mche taratibu, usiyumbeyumbe chunguni. Mizizi mizima ni migumu na myeupe, yenye ncha za kijani. Iliyo laini na ya kahawia imeoza. Geuza majani uangalie upande wa chini, maana huko hujificha wadudu gamba.

Tatu, ukoo. Chagua chotara, kwani wengi wao ni wavumilivu kuliko wazazi wao wa porini. Cattleya dowiana ya Costa Rica, yenye petali za manjano, ni nzuri mno, lakini huchukia baridi na unyevu. Tuwaachie wazoefu.

Matunzo yake

Tumia chungu chenye matundu, ukijaze vipande vya magome, mkaa au mawe mepesi yenye vitundu. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha usirudie hadi vipande vikauke. Okidi nyingi huuawa na maji ya upendo kuliko kiu.

Iweke mahali penye mwanga mwingi, jua la asubuhi likiifikia, la mchana likichujwa na kivuli. Majani ya kijani iliyoiva sana husema mwanga hautoshi. Ya kijani hafifu ndiyo mema. Wakati wa masika ikae chini ya paa la baraza. Mama wa mjini ataona mambo ni rahisi zaidi. Mama wa huko juu, penye ukungu na baridi ya Juni hadi Agosti, apunguze maji na kuiingiza ndani usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 za Selsiasi.

Ya mlangoni tusinunue

Huenda kijana akabisha hodi na okidi iliyong'olewa msituni, akiiuza kwa bei ya kutupa. Tukatae, kwa upole lakini bila kusita. Msitu wa Kilimanjaro uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na kung'oa mimea humo ni kosa. Tena msitu huo ndio unaotunza maji ya mifereji yetu. Mtoto akimwona mama yake akinunua kilichoibwa, somo la Jumapili litamfaa nini?

Vivyo hivyo, okidi isinunuliwe kwa fedha ya ada wala kwa siri. Zungumza na baba watoto, weka akiba kidogo kidogo, ununue mmoja, si mitano. Katleya yako ikifikisha mashina 6 au 8, unaweza kuigawa mara mbili wakati mizizi mipya inapoanza kutoka. Mmoja ubaki kwako, mwingine umpe binti anayeolewa au jirani aliyefiwa.

Katika Mathayo sura ya 6, Bwana Yesu aliwaelekeza wanafunzi wake kwenye maua ya kondeni wapate kuacha mahangaiko. Katleya nyingi huchanua mara moja tu kwa mwaka, na ua hudumu kama wiki 2 au 3. Miezi mingine yote ni majani na subira. Mama aliyelea mtoto anaijua kazi hiyo.