Saa Moja, Matiti Mawili

Aliweka boksi juu ya meza kabla hata hatujasalimiana vizuri. Pampu ya umeme ya titi moja, bado imo kwenye nailoni yake. Binti wa Kilifi, mlinzi hapa uwanja wa ndege wa Dubai, amebakiza siku tisa arudi kazini. "Sista, niambie kama nimepigwa."

Nikamwambia bado sijui. Kutoka pale unaposimama hadi chumba cha kukamulia ni dakika ngapi?

Akacheka, akidhani namtania. Alipoona sicheki, akahesabu kwa vidole. "Saba. Nikikimbia, tano. Lakini haturuhusiwi kukimbia."

Mimi mkunga, na nusu ya akina mama ninaowaona Garhoud wana jibu la aina hiyo. Huu ni mtaa wa watu wa zamu: uwanja wa ndege uko ubavuni, hoteli zimejipanga, na saa nane za usiku kuna watu wanaingia kazini na wengine wanatoka. Kwa mama wa hapa, pampu huchaguliwa kwa dakika. Bei na rangi ya boksi vitafuata.

Tuanze na sheria, maana dakika zenyewe zimo humo. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, Namba 33 ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mama wa sekta binafsi likizo ya uzazi ya siku 60: siku 45 kwa mshahara kamili na 15 kwa nusu mshahara. Akirudi, ana haki ya mapumziko mamoja au mawili kila siku kwa ajili ya kunyonyesha, yasiyozidi saa moja kwa jumla. Haki hiyo hukoma miezi sita baada ya kujifungua. Wengi hukosea hapo, wakadhani miezi sita inaanza siku waliyorudi kazini. (Nyumbani Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inaruhusu hadi saa mbili kwa siku. Siwachongei, nasema tu.) Wafanyakazi wa majumbani wana sheria yao nyingine, kwa hiyo dada zangu mayaya wasichukue hesabu yangu kama ilivyo.

Sasa piga hesabu ya binti wa Kilifi. Saa moja akiigawa mara mbili, kila pumziko ni nusu saa. Toa dakika saba za kwenda na saba za kurudi: zimebaki 16. Ndani ya hizo afungue vifungo, aunganishe pampu, akamue, amimine, afunge. Pampu ya titi moja inataka kama dakika 15 kila upande, yaani nusu saa nzima kabla hajagusa kifungo. Pampu inayokamua matiti yote mawili kwa pamoja inamaliza kwa robo saa hivi. Hata hiyo inambana, lakini kwa ile ya upande mmoja hana njia. Kwa mama anayefanya kazi ofisini, chumba kikiwa mlango wa pili, pampu ya titi moja ingetosha na pesa zingebaki.

Ipo saa nyingine anayoisahau. Sheria hiyohiyo inakataza kumfanyisha mtu kazi zaidi ya saa tano mfululizo bila mapumziko ya angalau saa moja. Hiyo ya chakula haimo ndani ya ile ya kunyonyesha. Kwa hiyo anaweza kukamua mara tatu kwa zamu, kila baada ya saa tatu hivi, na ndicho titi linachotaka. Titi hufanya kazi kwa oda: usipolikamua, linaelewa kwamba mteja hayupo, linapunguza. Wa zamu ya usiku wasiiruke ile ya alfajiri, kwa sababu homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku.

Kiasi gani? Mtoto wa kati ya mwezi mmoja na miezi sita hunywa kama mililita 750 kwa siku, wengine zaidi, wengine pungufu. Kwa kila saa usiyokuwepo, weka mililita 30 hadi 45. Ukiwa nje saa kumi pamoja na safari, hiyo ni 300 hadi 450. Usitishwe na picha za mitandaoni za friza iliyojaa mifuko. Unahitaji ya kesho.

Kuhusu mashine yenyewe, nina ugomvi na watu wa dukani. Wanauza nguvu ya kuvuta, na akina mama wanainunua. Maziwa hayatoki kwa kuvutwa kama maji ya kisima. Yanashuka pale mwili unapotulia na kuachia, na maumivu huyazuia. Ndiyo maana pampu nzuri huanza kwa mivuto mifupi ya harakaharaka, kama mtoto anavyoanza kunyonya, halafu ikabadilika kuwa mirefu na ya taratibu. Panda nguvu mpaka uhisi inakera, kisha shuka hatua moja. Basi.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni koni, kile kidude chenye umbo la tarumbeta kinachokaa juu ya titi. Boksi nyingi huja na koni ya milimita 24 au 28, kana kwamba wanawake wote wametoka kiwanda kimoja. Nilichukua rula nikampima binti wa Kilifi: upana wa chuchu peke yake, bila ile sehemu nyeusi inayoizunguka, milimita 17. Koni ya 19 inamfaa. Kwenye boksi lake kulikuwa na 28. Angeitumia, ingevuta ndani na nyama ya pembeni, ivimbe, maziwa yasishuke, kisha aseme hana maziwa. Chuchu ikisugua kuta za koni, koni ni ndogo. Weusi mwingi ukivutwa ndani, koni ni kubwa. Siku hizi zinauzwa pete za silikoni za kupunguzia upana. Ni rahisi kuliko kununua pampu nyingine.

Tazama pia kama ina betri. Spectra S1, ile ya buluu, inatembea na chaji yake. Dada yake S2, ya waridi, lazima ichomekwe ukutani. Kwenye picha ya simu zinafanana. Pampu za kuvaa ndani ya sidiria zimependwa sana, na chini ya baibui hakuna anayejua kinachoendelea, hata ndani ya behewa la wanawake kwenye metro. Udhaifu wake ni kwamba huoni chuchu imekaa wapi, na ukiinama maziwa yanaweza kumwagika. Mama mmoja wa usafi wa vyumba hotelini alimwaga kazi yote ya mchana akitandika kitanda. Alilia kuliko siku ya leba.

Nunua seti mbili za vile vipande vinavyogusa maziwa, uvioshe nyumbani kwa sabuni katika beseni lake. Usioshee kazini, dakika huna. Vile vimpira vidogo vya vali vikilegea, pampu hukosa nguvu na watu huitupa bure. Pampu ya mtumba niiache? Nyingi zimetengenezwa kwa mama mmoja tu, na maziwa yakishaingia kwenye mrija hadi kwenye mota, hakuna maji ya moto yatakayoyafikia.

Joto sasa. Maziwa yaliyokamuliwa punde hukaa saa nne katika chumba kisichozidi nyuzi 25, siku nne kwenye friji, na kama miezi sita kwenye friza. Nje, mwezi wa nane, Dubai hupita nyuzi 40, na bomba unalofungua kama la maji baridi hutoa maji ya moto ya tangi la juu ya paa. Begi la baridi lenye pakiti za barafu huhifadhi hadi saa 24. Lisiachwe kwenye gari "kidogo tu". Na mkikaa bedspace, yaani kupanga kitanda tu katika chumba cha pamoja, wanawake watatu friji moja, andika jina na tarehe. Kwa sisi Waislamu wa pwani hilo ni zaidi ya usafi: kwa madhehebu ya Shafi, mtoto wako wa chini ya miaka miwili akishiba mara tano maziwa ya mwenzio, anakuwa ndugu wa kunyonya wa watoto wa mwenzio huyo, na hawaoani.

Wapo wasiohitaji lolote kati ya haya. Kumdhamini mtoto akae nawe hapa kunataka mshahara wa dirhamu 4,000, au 3,000 pamoja na makazi, na wengi humpeleka mtoto kwa bibi yake Tanga au Busia. Hao huja kwangu matiti yamefura kama mawe, wameambiwa wayafunge kanga. Msiyafunge. Kamua kidogo, kwa mkono tu: kidole gumba juu, vingine chini, sentimita mbili tatu nyuma ya chuchu, sukuma kuelekea kifuani kisha bana, bila kuteleza juu ya ngozi. Toa ya kupata nafuu, usimalize. Kila siku chache ongeza muda kati ya mkamuo na mkamuo. Ukiona homa na sehemu iliyoiva na kuuma, nenda kwa daktari siku hiyohiyo.

Binti wa Kilifi nilimwambia asikate nailoni, maana pampu iliyofunguliwa maduka mengi hayairudishi. Alirudi baada ya siku mbili na ya matiti mawili, ameongezea pesa za mumewe. Tukaijaribu palepale. Dakika 14.