Kajiado: Mto Uliojificha Ndani ya Jina

Mpwani akilisikia jina Kajiado, sikio lake hukimbilia ile "ka" ya kudogosha, kama katika katoto. Sivyo hata kidogo. Jina hili ni la Kimaasai, na asili yake ni Olkejuado, yaani mto mrefu. Ndio mto wa msimu wa upande wa magharibi ya mji huo.

Natulifumbue, msomaji. "Ol" hutangulia majina ya kiume, na aliyepita chuoni hakosi kuikumbuka "al" ya Kiarabu. "Keju" ni mto, na "ado" ni urefu. Utamu uko hapa: iondoe "ol", weka "en" ya kike, useme enkeju, hapo si mto tena, ni mguu. Mimi mtunga mashairi nimelionea wivu neno hilo.

Basi vinywa vya wageni vikaiangusha "ol", na keju ikawa kaji. Hayo si mageni duniani. Wazungu waliigeuza Al-Qahira ikawa Cairo. Kule Hispania, Wadi al-Kabir, mto mkubwa wa Waarabu wa Andalusi, leo huitwa Guadalquivir. Nairobi ndiyo iliyopata hasara zaidi: ilikuwa Enkare Nairobi, maji baridi, maji yamekwenda zake, imebaki baridi.

Sisi wa pwani tusicheke. Kaskazini ya kaunti hiyo hiyo ya Kajiado, penye mji wa Kitengela, upo mto wa jina hilo. Maji yake huingia Mto Athi, nao hutushukia kwa majina mengine: Galana, kisha Sabaki, hadi baharini kaskazini ya Malindi. Galana ni neno la Kioromo la maji makubwa. Nasi twasema "Mto Galana", tukimwaga maji juu ya maji!

Hadi mwaka 2013 baraza la huko lilikuwa likiitwa Olkejuado. Serikali za kaunti zilipoanza, ikaandikwa Kajiado, na jina kamili likashuka ubaoni. Limebakia kwenye shule ya upili ya Olkejuado na vinywani mwa wenyewe. Na Kitengela imejaa watu wa kila kabila, ambao watoto wao wengi hawasemi Kimaasai. Nani atawaambia kuwa Kajiado ni mto? Kiangazi hata huo mto wenyewe hauonyeshi ila mchanga.