Briji ya Msee wa Benga

Lead ya benga inaishi juu kwa shingo ya gita. Ngoma ikichemka, muimbaji ananyamaza na gita ndio inabonga: noti zinatoka haraka, safi, kila moja imesimama solo. Cheki bendi kama Shirati Jazz ama Victoria Jazz utanipata. Hiyo sauti ya kudonoa ndio unalinda ukianza kusaka pikapu mpya ya briji, na inaniuma kuona mayouth wananunua ile yenye nguvu mob kuliko zote, alafu gita inatoka nzito kama uji.

Pikapu ni sumaku na waya mwembamba wa kopa, umezungushwa maelfu ya mara. Uzi wa gita ukitingika hapo juu, stima kidogo inazaliwa ndani ya koili. Sasa karibu na briji nyuzi hazichezi sana, ndio maana sauti ya hapo huwa nyembamba na yenye makali. Dawa ya watengenezaji ikawa kuongeza mizunguko ya waya. Nguvu inapanda, sauti ya katikati inanona, lakini yale makali ya juu yanamezwa. Kila mzunguko una bei yake.

Hapo ndio nambari ya omu ya pikapu inachezanga wasee. Pikapu ya JB ya kampuni ya Seymour Duncan iko kama kilo-omu 16, na singo koili (pikapu ya koili moja) ya kawaida ya Stratocaster iko kama 6. Unaona 16 ndio bazu. Manze, omu inapima venye waya unazuia stima, haipimi sauti. Waya ukiwa mwembamba zaidi, omu inapanda hata kama mizunguko ni ile ile, na sumaku haionekani kabisa kwa hiyo hesabu. JB naiheshimu, imebeba maroki wengi tangu kitambo. Lakini lead ya benga ikipita kwa ampu safi, mimi ningebaki hapo kati ya 6 na 8, na sumaku ya alniko 5. Kama mbogi yenu ni ya metal, hiyo ni rada ingine: DiMarzio walitoa Super Distortion 1972, na sumaku ya seramiki, ndio ampu iwake mapema. Chukua hiyo, ni yenu.

Alafu kuna noma ya mngurumo. Singo koili inanyaka kelele ya stima, na stima yetu Kenya ni ya hazi 50. Ukiwa klabu yenye taa za neoni na waya zimefungwa ovyo, gita inanguruma hata kabla uguse uzi. Seth Lover, injinia wa Gibson, ndio alileta suluhisho 1955: koili mbili, ya pili imezungushwa kinyume na ncha yake ya sumaku imegeuzwa. Kelele za stima zinauana, sauti ya nyuzi inabaki. Hiyo ndio hambaka. Na kama gita yako ni ya shepu ya Strat, usiruhusu mtu achonge mbao. Kuna hambaka ndogo, kama Little '59 ya Seymour Duncan, zinaingia kwa ile shimo ya singo koili vile iko. Makali kidogo yatapotea. Msee wa kupiga kanisani ama klabuni kila wiki, ningemwambia akubali hiyo hasara. Wewe wa kurekodi kwa keja, baki na singo koili, geukageuka na gita mpaka upate pembe yenye kelele imetulia.

Na kabla utoe doh, shika bisibisi kwanza. Pikapu ikiwa karibu sana na nyuzi, sauti inakwaruza. Ishushe robo mzunguko kwa robo, ukiskiza. Kingine, Strat ilivyotoka 1954 haikuwekewa noobu ya toni kwa briji: moja ni ya shingo, ingine ya katikati. Ndio maana wasee wengi wanaona briji yao inachoma maskio. Fundi yeyote wa Luthuli Avenue, Nairobi, mwenye solda ataunganisha kawaya kamoja hapo kwa switchi, na briji ipate toni. Nadhani nusu ya pikapu zenye zinatupwa zingeokolewa na hako kawaya.

Ukishaamua kununua, beba rula. Pima kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita, pale pikapu inakaa. Hambaka za shepu ya Gibson ziko karibu milimita 50, na briji za shepu ya Fender zinataka kama 52. Angalia pia noobu ya volyumu: gita za singo koili huwa na ya kilo-omu 250, na hambaka inapenda 500. Ukiweka hambaka kwa 250, makali yanazimika tena, alafu lawama unaitupia pikapu. Usiamini rangi za waya pia. Kwa Seymour Duncan, ule wa sauti ni mweusi. Kwa DiMarzio ni mwekundu.

Usifunge skrubu zote kabla hujasikia briji na katikati zikipiga pamoja. Sauti ikitoka nyembamba, kama ya redio ndogo, koili zinapingana. Mwambie fundi ageuze zile waya mbili za pikapu mpya, usikize tena.